Mchezo wa Shabaha Ambao Lafey Bado Inaungoja

Hakuna anayegusa bunduki kabla ya amri. Wapigaji wamesimama mstarini, mitutu yote ikielekea upande mmoja, na mbele yao, juu ya reli, wamepangwa wanyama watano wa chuma. Mwamuzi anaruhusu risasi ziingizwe, anatoa amri ya kufyatua, na saa inaanza kuhesabu: dakika mbili na nusu, risasi tano, kila mnyama risasi yake, kuanzia wa kushoto kwenda kulia. Anayemwangusha wa tatu ilhali ilikuwa zamu ya wa pili hapati alama. Anayemgonga mnyama akatikisika tu asidondoke, naye hapati. Sharti chuma kianguke.

Mchezo huu ulizaliwa Meksiko. Zamani wapigaji wa huko walikuwa wakifunga wanyama hai kwa mbali na kuwafyatulia, na mshindi alikuwa yule aliyetangulia kumtoa mnyama damu. Mwaka 1948, jijini Mexico City, mahali pao pakachukuliwa na maumbo ya chuma: kuku, nguruwe mwitu, bata mzinga na kondoo dume. Miaka ya 1960 ikielekea ukingoni mchezo ukavuka mpaka kuingia Marekani, na mwaka 1973 chama cha wenye bunduki cha huko, NRA, kikautambua rasmi. Bunduki kubwa hulenga kuanzia mita 200 hadi 500.

Marafiki wanaokutana wikendi huridhika na bunduki ndogo ya .22. Risasi yake, iliyobuniwa Marekani mwaka 1887, huwashwa kwa kugongwa ukingoni mwa ganda. Ni ya bei nafuu, mlio wake ni mdogo, na haimsukumi mtu bega. Kwa bunduki hiyo kuku huwekwa mita 40, nguruwe mita 60, bata mzinga mita 77, kondoo mita 100, na maumbo yenyewe hupunguzwa hadi moja ya tano ya yale ya bunduki kubwa. Kuku wa namna hiyo anatosha kiganjani. Mpigaji husimama wima, bila mkanda wa kumshikilia mkono, bila kitu cha kuegemea. Mtutu unacheza kwa mapigo ya moyo wake mwenyewe, na upepo ukivuma kidogo tu, kirisasi hicho kinakwenda kando. Nyuma yake rafiki amekaa na darubini, anamwambia risasi ilikopita: juu kidogo, kushoto kidogo. Dakika chache baadaye watabadilishana, na yule aliyekuwa mpinzani atakuwa macho ya mwenzake. Hapo ndipo ninapouona uzuri wa mchezo huu. Mtu anashindana na rafiki yake huku akimsaidia kushinda.

Ukitazama ardhi peke yake, ungesema mchezo huu umetengenezewa Lafey. Sehemu hii ya Kaunti ya Mandera, jirani na mpaka wa Somalia, ni tambarare kavu ya vichaka vya miiba ambako jicho huona mbali. Wanyama wa Meksiko wala wasingehitajika. Fundi wa kuchomelea vyuma angekata kanga, dikidiki, swala twiga na mbuni, na kila mtoto aliyewahi kuchunga mbuzi angewatambua kabla hajaambiwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori kwa starehe mwaka 1977, na kumwangusha mbuni wa chuma hakuvunji sheria hiyo.

Lakini Lafey inaijua bunduki kwa njia nyingine. Wazee wa eneo hili walikuwa vijana wakati wa vita vya Shifta vya kutaka kujitenga na Kenya, kati ya 1963 na 1967, na sheria za hali ya hatari zilizoletwa na vita hivyo zilidumu Kaskazini Mashariki hadi 1991. Wafugaji walitafuta silaha kulinda ngamia na visima, na silaha hizo hizo zikageuzwa kwa majirani. Mwaka 2008 wapiganaji wa koo za Garre na Murule walipokabiliana Mandera, serikali ilituma wanajeshi na polisi kukusanya bunduki. Ripoti iliyotolewa na shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch Juni 2009 ilieleza kwamba katika siku chache za Oktoba 2008 watu zaidi ya 1,200 walijeruhiwa, wengi wao kwa kupigwa ili waonyeshe bunduki ambazo hawakuwa nazo. Kisha wakaja wanamgambo wa Al-Shabaab. Novemba 2014 walishambulia basi lililokuwa limetoka mji wa Mandera na kuua abiria 28; siku kumi baadaye wakaua wachimba mawe 36 huko Koromei. Barabara zinazounganisha Elwak, Lafey na Mandera zimepoteza askari na raia kwa mabomu ya kutegwa.

Mahali kama hapo mlio wa risasi hausikiki kama mchezo. Mama atawakusanya watoto ndani, askari atashika nafasi yake, dereva atageuza gari. Hata .22, pamoja na udogo wake, haina namna ya kujieleza kwa anayeisikia kutoka upande wa pili wa kijiji.

Sisemi Mkenya hawezi kucheza mchezo wa bunduki. Kirigiti, katika Kaunti ya Kiambu, wenye leseni hukutana kwa mashindano ya bastola ya mtindo wa IDPA, chama cha kimataifa cha bastola za kujihami, yakiwemo ya bara zima la Afrika. Huko pia saa ndiyo bwana: muda wa mpigaji ukishachukuliwa, kila alama aliyopoteza kwenye shabaha inamwongezea sekunde, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Nyuma ya burudani hiyo ipo Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na ipo bodi ya kutoa leseni ambayo mwishoni mwa 2018 ilianza kuwahakiki upya wamiliki wote, alama za vidole na afya ya akili zikiwemo. Mchezo unasimama juu ya imani kwamba anayebeba bunduki anajulikana, na kwamba anayeisimamia sheria hatamdhulumu. Imani hiyo Lafey haijajengwa, na uwanja wa shabaha hauwezi kuitangulia. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba bunduki ya mchezo isipelekwe Lafey sasa.

Hata hivyo, vijana wa Lafey wanastahili kile ambacho mchezo huu unafundisha: kutuliza pumzi, kungoja amri, kuheshimu zamu, kumsomea mwenzako upepo. Yote hayo yanapatikana kwa upinde. Katika mechi za mmoja kwa mmoja za Olimpiki, mlengaji ana sekunde 20 kwa kila mshale, na shabaha iko mita 70. Kenya si mgeni katika mchezo huo: Shehzana Anwar, mlenga mishale, ndiye aliyebeba bendera yetu wakati wa ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Upinde hauna mlio wa kumshtua mtu.

Najua shule za huko zina upungufu mkubwa zaidi ya huu. Baada ya mauaji ya 2014 walimu wengi waliotoka kaunti nyingine waliondoka, na mahali pasipo na mwalimu wa hisabati ni vigumu kudai mwalimu wa michezo. Lakini mtoto anayeishi karibu na mpaka ule ana haki ya kucheza kama mtoto wa Kiambu, na gharama ya kuanza si kubwa: pinde chache, mishale, magunia yaliyojazwa nyasi kavu na kuchorwa kanga na mbuni, uwanja uliozungushiwa kamba, mtu mzima mmoja mwenye saa na filimbi. Wakuu wa usalama waarifiwe mapema, wazee na maimamu waalikwe siku ya kwanza waone kwa macho yao. Naomba Serikali ya Kaunti ya Mandera na viongozi wa mchezo wa kulenga mishale nchini wakae meza moja na walimu wa Lafey, waanze na shule moja tu, wavulana na wasichana, muhula ujao.