Zile Siku za 2025 Mtaa Nzima Ilitoka Nje

Jumapili, 10 Agosti 2025, dakika ya 42, Kasarani: Ryan Ogam anadunga Morocco. Niulize saa hii, niulize nikiwa mzee, hiyo ndio itabaki namba moja kwangu. Si tulikua Umoja, kwa kibanda ya chipo, mbogi imejaa mpaka kwa barabara, TV ni moja na kila mtu anasukumana aone. Mtangazaji hakumaliza jina ya Ogam kabla kelele haijammeza. Mathee wa chipo aliacha viazi kwa mafuta akatoka mbio na chujio mkononi. Makonda walikua wanagonga mabati ya mat zao. Watu hawajasalimiana tangu deni ya mwaka jana walikua wamekumbatiana hapo nje, na nikacheki budaa flani wa heshima zake, mzee wa kanisa kabisa, akirukaruka kama mtoi wa nasari.

Ukitaka kujua kwa nini ilituingia hivyo, kumbuka hiyo mechi ilikua ya CHAN, dimba ya Afrika ya wasee wanacheza ligi za nyumbani peke yake. Hawa si watu wa kuonwa kwa TV wakiwa Uingereza. Austine Odhiambo, mwenye alidunga DR Congo kwa mechi ya kwanza, alikua msee wa Gor Mahia. Ungemkuta uwanjani wikendi, na kama uko na bahati mnapanda mat moja kurudi tao. Ndio mara ya kwanza Kenya inacheza hii dimba. Na kuna kidonda ya zamani: CHAN ya 2018 ilikua ikuje kwetu, tukanyang'anywa juu maandalizi ilichelewa, ikapelekwa Morocco, na Morocco wakabeba kombe kwao nyumbani. So kupiga hao wasee, hapa kwetu, tena tukicheza kipindi nzima ya pili tukiwa kumi juu Chrispine Erambo alikua ametolewa na kadi nyekundu? Manze. Dakika zote za kipindi ya pili nilikua nimeshika kichwa.

Kocha Benni McCarthy alichukua vijana wenye hakuna mtu alikua amewawekea tumaini, akawafanya waamini. Congo tukaramba moja bila. Angola tukatoka sare moja moja, hapo pia tukiwa kumi. Zambia moja bila, Ogam tena. Pointi kumi, juu ya kundi. Na Morocco, wenye baadaye walibeba kombe hapo hapo Kasarani, hakuna mwingine aliwapiga kwa hiyo dimba yote. Ni si pekee.

Kuna kitu lazima niseme hapa. Wasee waliingia Kasarani bila tiketi, geti zikasukumwa, na CAF wakakata idadi ya mashabiki, mechi ya Zambia ikaruhusiwa watu 27,000 tu. Mtaani wengi walikasirika. Mimi naona ilikua haki. Mtu akikanyagwa kwa geti hakuna goli itamrudisha kwa mathake.

Madagascar walitutoa kwa penalti tarehe 22. Omija alikua ametuweka mbele na kichwa safi, wakarudisha, ikaenda penalti, nne kwa tatu. Nililia, na sikua peke yangu. Lakini kesho yake watoi wa ploti yetu walikua nje mangware na mpira ya makaratasi, na wakigawana majina hawakua wanang'ang'ania Messi. Kila mtu alidai kuwa Ogam. Mimi nimelelewa hapa na sijawahi skia hiyo kitu.

Ngoma nazo? 2024 ilikua ya arbantone, biti za kitambo zimepikwa upya, kila nganya inatetemesha vioo. 2025 ikaja na Toxic Lyrikali. Huyu msee alinishika vibaya. Chinje, Backbencher, hizo ngoma zilianza kutoka kwa spika za nganya za Eastlands, na kabla uelewe nini inaendelea mpaka watu wa Westi wanaimba na hawajui wanaimba nini. Yeye hapunguzi Sheng ndio umshike. Anaimwaga nzito, na sauti yake ni ya mtu ametulia anakuambia kitu ya ukweli. Kwa miaka wasanii wetu wameambiwa walainishe lugha ndio wauze nje. Jamaa akaikaza na bado akauza. Halafu kuna Donjo Maber ya Iyanii na Dufla Diligon, hiyo siwezi ichambua, hiyo ni ya kusimama na kusakata. Harusi, sherehe ya ocha, mat ya jioni, ikishika tu hata shosh anainuka.

Lakini steji yenye ilinitetemesha zaidi mwaka huo haikua ya msanii. Ilikua ya wasichana wa shule. Aprili, Nakuru, fainali za kitaifa za drama. Butere Girls walikua na mchezo inaitwa Echoes of War, imeandikwa na Cleophas Malala, mwenye alikuanga seneta wa Kakamega. Ni stori ya vijana kuwauliza maswali wazee wenye wako kwa utawala. Mchezo ikatolewa kwa mashindano, korti ikasema irudishwe. Malala akashikwa kabla ajiunge na wasichana wake. Asubuhi ya tarehe 10, hao madem wakaingia, hakuna mavazi ya mchezo, hakuna mitambo ya sauti, hakuna watu wa kuwatazama. Wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Wakakataa kucheza. Nje, karao walikua wanarushia watu gesi ya machozi.

Fikiria uko na miaka kumi na sita, umefanya mazoezi wiki na wiki, umeshika kila mstari, halafu siku yako ikifika unaamua kunyamaza ndio sauti yako isikike. Mimi kwa hiyo umri ningecheza tu, ningeogopa. Hao wasichana walikua na roho, na mpaka leo nikiwafikiria naskia uchungu na fahari zikipigana ndani yangu.

Wiki saba baadaye, 28 Mei, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o akatuacha akiwa Marekani. Kila msee alikua anaweka picha yake, na ilikua poa, lakini mimi nilikua nafikiria mchezo wake wa Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru. 1977 yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda, wakaicheza na wakulima na watu wa viwanda vya hapo kwa lugha yao. Gava ikaipiga marufuku, na mwisho wa huo mwaka Ngũgĩ akashikwa, akawekwa Kamiti mwaka karibu mzima bila kesi. Kwa hivyo mzee aliaga akiwa ameona Kenya yenye bado inaogopa mchezo wa kuigiza. Na pia, naomba hivyo, akiwa ameskia habari ya Butere.

Juni ni ngumu kuongelea. Tarehe 25 tulitoka kukumbuka wenzetu waliouawa kwa maandamano ya 2024, na kuna wengine tena hawakurudi nyumbani. Hiyo siku siwezi iweka kwa orodha ya vitu za kufurahia. Kesho yake usiku, mtaa ikiwa bado inanuka moshi ya tairi, tukawasha simu kumcheki Faith Kipyegon akiwa Paris, Stade Charléty, akitafuta kuwa mwanamke wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne. Alimaliza na dakika nne na sekunde sita na kitu. Hakufika hapo alitaka, na haiwezi hesabiwa rekodi juu ya vile wasaidizi walimpangia mbio, lakini hakuna mwanamke alikua amewahi kimbia maili haraka hivyo. Alianguka chini akiwa ameisha kabisa. Si tulikua tumeisha pia, kwa sababu zingine, na sijui kuieleza vizuri, lakini kumwona akiinuka ilinisaidia kulala.

Halafu siku tisa tu zikapita. 5 Julai, kule Eugene, Marekani, Kipyegon akavunja rekodi yake mwenyewe ya mita 1500, 3:48.68. Siku hiyo hiyo, uwanja huo huo, Beatrice Chebet akakimbia mita 5000 kwa 13:58.06, mwanamke wa kwanza duniani kwenda chini ya dakika kumi na nne. Septemba wakaenda Tokyo kwa mashindano ya dunia, Kenya ikarudi na dhahabu saba. Chebet mbili, Kipyegon moja, Lilian Odira, Faith Cherotich, Peres Jepchirchir, na Emmanuel Wanyonyi kwa 800. Hesabu vizuri: sita ni za wanawake. Nadai kuona hizo sura kwa nganya. Wachoraji wetu wanajua kuchora kila msanii wa Marekani mpaka nywele ya pua, sasa wamchore Chebet, ubavu mzima wa gari.

Mwaka ukiisha ndio Truphena Muthoni alitushika. Alikua na miaka 22. Desemba, Nyeri, kwa ofisi za gavana, alikumbatia mti masaa 72. Mchana, usiku, mvua ikinyesha, ameshika tu. Februari alikua amefanya 48, akaona haitoshi. Alikua anasema misitu yetu inaisha na watu hawaskii, kwa hivyo akachagua kufanya kitu yenye huwezi pita bila kuuliza. Watu wakatoka, wengine wakaimba, wengine wakakesha naye, na nchi nzima ikawa inaamka usiku kucheki TikTok kama bado amesimama. Mbogi yetu tuligawana zamu, huyu akilala mwingine anacheki.

Nyeri ndio kwao Wangari Maathai, yule mama wa kupigania miti. Rika yangu tulimjua Wangari kwa vitabu vya shule na maswali ya mtihani, juu alipoaga 2011 si tulikua watoi. Truphena ni wa rika yetu, ako hapa, anaongea vile tunaongea. Akiitisha siku ya kupanda miti, popote Kenya, mimi nitakua kwa mat ya kwanza.