Safari Moja, Ofisi Nyingi: Maana ya Mamlaka ya Kuratibu Usafiri na Mipango ya Mkoa

Mkazi wa Kata ya Maisaka, mjini Babati, anayekwenda Magugu huweza kuanza kwa bodaboda au bajaji hadi kituo cha mabasi, kisha akapanda gari la abiria linaloelekea upande wa Arusha. Kwake hiyo ni safari moja. Kwa upande wa Serikali, safari hiyo imegawanyika katika ofisi kadhaa, na kila moja ina sheria yake, bajeti yake na mpaka wake. Katika makala hii tunaeleza mgawanyo huo, sababu za miji mingine kuunda mamlaka ya uratibu, na hatua ambazo mtumiaji wa huduma anaweza kuchukua sasa.

Nani anahusika na nini

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) iliundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 na kurithi majukumu ya usafiri wa nchi kavu yaliyokuwa chini ya SUMATRA. Tunatoa leseni za magari ya abiria, tunasimamia njia zilizoidhinishwa na tunapanga viwango vya juu vya nauli. Kazi ya kutoa leseni za bodaboda na bajaji imekasimiwa kwa halmashauri.

Halmashauri ya Mji humiliki na kuendesha kituo cha mabasi. Aidha, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake: huamua makazi, masoko na shule vitakaa wapi. Barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS. Za mitaa na vijiji zipo chini ya TARURA. Makosa ya barabarani husimamiwa na Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi.

Pengo lilipo

Kila ofisi inaweza kutimiza wajibu wake ipasavyo na abiria akaendelea kutaabika. Viwanja vikipimwa pembezoni mwa mji bila kuacha nafasi ya basi kugeuza, kasoro hiyo haiwezi kuondolewa kwa leseni yetu. Vilevile, leseni hutolewa kwa msafirishaji aliyeiomba. Hatuna uwezo wa kumlazimisha mwenye gari kuhudumia mtaa ambao mapato yake hayatoshi hata kulipia mafuta. Mtaa huo hubaki bila gari, na hakuna ofisi moja ambayo mwananchi anaweza kuitaja kuwa ndiyo iliyoshindwa.

Mipaka ya utawala huongeza ugumu. Mkoa wa Manyara una halmashauri 7. Gari linalotoka Babati kwenda Magugu au Dareda huanza safari katika eneo la Halmashauri ya Mji na kuimalizia katika Halmashauri ya Wilaya. Mpango wa halmashauri moja hauwezi kutosheleza safari hiyo.

Mamlaka ya uratibu hufanya nini

Mamlaka ya namna hii hukabidhiwa mambo matatu ambayo kwa kawaida hutengana: mpango mmoja wa usafiri unaokwenda pamoja na mpango wa matumizi ya ardhi, fedha za kuutekeleza, na uwezo wa kuingia mikataba na wasafirishaji ili hata njia zenye abiria wachache zipate huduma. Wazo hili si geni. Mwaka 1933 jijini London bodi moja ilikabidhiwa mabasi, tramu na reli za chini ya ardhi.

Hapa nchini, Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART) uliundwa mwaka 2007, na mabasi yake yakaanza kutoa huduma kati ya Kimara na Kivukoni mwezi Mei 2016. Katika mfumo huo barabara hujengwa na TANROADS, nauli hupitia kwetu, na Wakala husimamia huduma. Mafanikio yake ni kuwa njia, vituo na mabasi vilipangwa kwa pamoja. Hata hivyo, iliwapasa wananchi kusubiri takribani miaka 9, na Wakala haukupewa mamlaka juu ya daladala zote wala juu ya upangaji wa jiji.

Nchini Kenya, mamlaka ya usafiri ya eneo la jiji la Nairobi, NaMATA, iliundwa mwaka 2017 kwa amri ya Rais ili kuratibu kaunti 5: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Lakini Katiba ya mwaka 2010 ilikwisha kuzipa kaunti usimamizi wa usafiri wa umma katika maeneo yao. Hivyo chombo kipya kilizaliwa katikati ya wenye madaraka waliokuwapo.

Funzo kwa mtumiaji wa huduma ni kwamba jina la mamlaka pekee halileti basi. Pendekezo la kuunda chombo cha aina hii likifika katika mkoa wako, uliza: Kinaundwa kwa sheria gani? Kinachukua madaraka yapi, na kutoka kwa nani? Fedha zake zinatoka wapi, na je, zitaongezwa katika nauli? Malalamiko yatapokelewa na kuamuliwa na nani?

Ufanye nini sasa

Kwanza, peleka lalamiko mahali panapostahili. Nauli kuzidishwa, gari kukatisha njia au abiria kunyimwa tiketi ni masuala ya LATRA. Tunza tiketi, na uandike namba ya gari, tarehe, saa na njia. Usiporidhika na uamuzi wetu, sheria inakupa haki ya kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Pili, shiriki mapema. Mpango wa eneo lako unapoandaliwa, hudhuria mkutano wa mtaa na uliza kituo cha abiria kimetengwa wapi. Ni rahisi kuhamisha mstari kwenye ramani kuliko kubomoa nyumba iliyokwisha kujengwa.

Tatu, tumia vyombo vilivyopo. Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, hukutanisha wabunge na viongozi wa halmashauri. Kazi yake ni barabara, si ratiba za mabasi, lakini basi haliendi pasipopitika. Mweleze diwani au mbunge wako ni wapi magari hushindwa kupita, na katika majira gani. Nakala ya maelezo hayo tuletee nasi, kwa kuwa njia ya abiria hatuwezi kuipanga vema bila kusikia kutoka kwa wanaoitumia.