Mahusiano ya watalii wao kwa wao

Mahusiano ya watalii wao kwa wao ni namna watu walio katika matembezi wanavyokutana, kuzungumza, kusaidiana na pengine kugombana. Ni tofauti na mahusiano kati ya watalii na wenyeji, ingawa mtalii anayesafiri katika kundi mara nyingi hukaa na wageni wenzake saa nyingi kuliko na wenyeji.

Historia

Tarehe 5 Julai 1841 Mwingereza Thomas Cook aliwasafirisha watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough, kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Baadaye safari za makundi zikawa biashara yake. Mwaka 1912 mwalimu Richard Schirrmann alianzisha hosteli ya vijana katika ngome ya Altena, Ujerumani. Katika hosteli za aina hiyo wageni wasiojuana hulala chumba kimoja, hivyo kuzungumza huwa rahisi.

Mwaka 1972 mwanasosholojia Erik Cohen aligawa watalii katika aina nne, kuanzia wale wanaopangiwa kila kitu hadi wazururaji. Hata hao wazururaji, wanaodai kukwepa watalii, huonekana wakikutana katika nyumba za wageni zilezile.

Mfano wa Kilimanjaro

Katika mlima Kilimanjaro (mita 5,895), nchini Tanzania, watu wasiojuana huweza kuunganishwa katika kundi moja ili kupunguza gharama. Wanaofuata njia ya Marangu hulala katika vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo. Horombo, kwenye mita 3,700 hivi, wanaopanda hukutana na wanaoshuka. Anayepanda humwuliza mwenzake kuhusu baridi, usingizi na usiku wa kuelekea kileleni. Majibu hayo husaidia, lakini hayatoshi: mwili wa kila mtu hupokea mwinuko kwa namna yake, na aliyefika kileleni bila shida hawezi kumhakikishia mwingine.

Ndani ya kundi kuna hatari zaidi. Mtu anayeumwa kichwa au kutapika anaweza kunyamaza kwa aibu, au kwa kuogopa kuwachelewesha wenzake. Dalili hizo zikipuuzwa, ubongo au mapafu yanaweza kujaa maji na mgonjwa akafa. Tiba ya kwanza ni kushuka. Kwa sababu hiyo waongozaji huwauliza wapandaji hali zao kila siku. Mwenzake wa hemani au kibandani huweza kugundua mapema zaidi, kwa kuwa ndiye anayemwona akiacha chakula au akipepesuka.

Jambo lingine linalozua mabishano ni bakshishi ya wapagazi, mpishi na waongozaji. Kwa kawaida huchangwa na kundi zima mwisho wa safari, na wanaotoka nchi zisizo na desturi ya bakshishi hushangazwa na kiasi kinachotajwa. Makundi mengine hukubaliana kiasi hicho kabla ya kuanza kupanda.