Ukimkubali Usiyemjua, Umemdhamini kwa Wengine

Kijana aliyehitimu Egerton kule Njoro, au Kabarak, anajua kazi hutafutwa wapi katika Bonde la Ufa la kati: mashamba ya maua ya Naivasha, mitambo ya mvuke ya Olkaria, benki na hospitali za Jiji la Nakuru. Tapeli naye anajua. Ndiyo maana akifungua akaunti ghushi kwenye LinkedIn hajiiti tajiri wa ng'ambo. Hujiita ofisa wa kuajiri wa kampuni ambayo kijana huyo huliona basi la wafanyakazi wake kila alfajiri.

Hakuandikii siku ya kwanza. Huanza kwa kuomba urafiki kwa watu wengi: mhadhiri wako, mwenzako wa darasani, meneja mmoja wa Naivasha. Wengi hukubali bila kutazama mara mbili, kwa kuwa ofisa wa kuajiri ni mtu wa kufaa kumjua. Anapokufikia wewe, mtandao wenyewe unakuonyesha kwamba mna marafiki kadhaa wa pamoja. Hapo ndipo wengi huacha kuuliza. Humwamini yeye kwa sababu wanawaamini wale waliomkubali, na waliomkubali hawamjui.

Yanayofuata huenda mbio. Anakusifu, anakuhamishia WhatsApp, anakuhoji kwa ujumbe tu, kisha anakutumia barua ya ajira yenye nembo na muhuri. Baadaye inakuja ada ndogo: vipimo vya afya, mafunzo, sare, au cheti cha tabia njema. Ada huwa ndogo kwa makusudi, iwe rahisi kuchangishwa nyumbani na ionekane si ya kupelekwa polisi. Lakini cheti cha tabia njema huombwa na mwenyewe kupitia eCitizen, na vidole vinavyochukuliwa alama ni vyake. Hakuna mwajiri wa kweli anayekuuzia kazi. Hata usipolipa, nakala ya kitambulisho na PIN ya KRA uliyokwisha kutuma inaweza kutumiwa kukopa au kutapeli wengine kwa jina lako.

Kwa wanaotafuta kazi za nje, hasara ni kubwa zaidi. Mwaka 2023 kamati ya Seneti ilisikiliza malalamiko ya watu waliosema walimlipa wakala mmoja wa Eldoret ili wapelekwe kazini ng'ambo, wasiende popote. Mwaka mmoja kabla yake, Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa imewaonya Wakenya kuhusu matangazo ya kazi za Thailand. Waliodanganywa walivushwa mpaka hadi Myanmar, wakafungiwa ndani ya maboma na kulazimishwa kuwatapeli watu mitandaoni kwa majina na picha za uongo. Kwa hiyo aliye nyuma ya akaunti ghushi huenda naye alinaswa na tangazo la kazi. Hii ni biashara ya kuuza watu, na mlango wake ni simu iliyo mkononi mwetu.

Utamtambuaje? Usitegemee picha. Mwaka 2022 watafiti wa Stanford, Marekani, waligundua zaidi ya akaunti 1,000 za LinkedIn zenye nyuso zilizoelekea kutengenezwa na kompyuta. Wakati huo makosa yalionekana: hereni sikio moja tu, macho yaliyokaa katikati kabisa ya picha, nyuma kumefifia. Leo mashine hazikosei ovyo hivyo.

Tazama umri wa akaunti badala yake. Oktoba 2022 LinkedIn ilianza kuonyesha mwezi na mwaka ambao ukurasa ulifunguliwa. Meneja anayedai uzoefu wa miaka 12, lakini ukurasa wake una miezi miwili na hakuna mwenzake wa kazini aliyewahi kumjibu hata neno, ana maswali ya kujibu. Itazame pia anwani ya barua pepe: je, inaishia na jina la kampuni, au na jina linalofanana nalo kwa herufi moja pungufu?

Kisha thibitisha kwa njia uliyoitafuta mwenyewe. Nambari aliyokupa yeye itapokewa na mwenzake. Mwajiri wa Naivasha ana lango, na kutoka Nakuru ni safari ya matatu, nenda ukaulize. Kampuni ya umeme kama KenGen hutangaza nafasi kwenye tovuti yake. Wakala wa kazi za nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwa umma.

Kama umeshatuma pesa, usipoteze muda kwa aibu. Peleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja, huenda tapeli hajazitoa. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwa 333. Hifadhi mazungumzo yote, piga ripoti polisi upewe nambari ya OB, au pigia DCI bila malipo kwa 0800 722 203. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 inamtambua anayejifanya mtu mwingine mtandaoni kuwa mhalifu. Ukimya wa aliyetapeliwa ndio humpa tapeli nafasi ya kumfikia jirani yake.

Hata hivyo mzigo huu usiachiwe anayetafuta kazi peke yake. Mhadhiri, meneja, mhandisi na mwalimu mwenye jina zuri mjini ndio wanaomjengea tapeli heshima pale wanapokubali kila ombi. Kila unayemkubali unamdhamini kwa wote wanaokuamini. Pitia orodha yako wiki hii. Usiyemjua na usiyeweza kumthibitisha, mwondoe. Akijifanya mtu wa kampuni yako, mripoti. Kijana wa Njoro au Molo hana njia ya kukuuliza kuhusu kila jina lililo kwenye orodha yako. Akiliona hapo, atadhani umekwisha kulipima.