Kwenda Pemba: Msimu Upi Unalipa?

Swali hili hutufikia kutoka kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anayetaka kupeleka mzigo Pemba wakati wananchi wana fedha mkononi. Wa pili ni mgeni anayetaka kuogelea na kupumzika. Wote wawili huambiwa kwa wepesi, "Nenda kiangazi." Jibu hilo halitoshi. Pemba inaendeshwa na kalenda nne, yaani ya pepo, ya mvua, ya karafuu na ya mwezi mwandamo, na ni nadra zote nne kukubaliana.

Tuanze na pepo, kwa sababu mizigo mingi na abiria wengi hufika kwa bahari, kupitia bandari za Mkoani na Wete. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki takriban kuanzia Mei hadi Septemba, na huwa kali zaidi Juni, Julai na Agosti. Kaskazi huchukua zamu kuanzia Desemba hadi Machi. Kati ya pepo hizo kuna maleleji, wakati upepo hauna mwelekeo na bahari hutulia. Kwa mtu wa kawaida tofauti hiyo ni ya tumbo tu. Kwa mwenye mzigo ni ya hesabu. Agosti moja mwandishi wa makala haya alivuka kutoka Unguja akiwa amekaa jirani na mama mmoja aliyekuwa na trei za mayai. Walipofika Mkoani, mama yule alihesabu yaliyosalia mara mbili, kisha akanyamaza. Faida yake ya safari ilikuwa imebaki mkondoni.

Kuna hesabu kubwa kuliko mayai. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Waliofariki walihesabiwa kwa mamia. Julai 18, 2012, MV Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali. Ajali zote mbili zilitokea miezi ya kusi. Haina maana kwamba kusi ndiyo iliyoua, maana chombo kilichozidishiwa abiria ni hatari msimu wowote. Ila bahari iliyochafuka humnyima nahodha nafasi ya kurekebisha kosa lililofanyika bandarini. Leo zipo boti za kisasa zaidi, na zipo ndege ndogo zinazotua uwanja wa Chake Chake. Hata hivyo, anayesafiri Julai na Agosti afanye mambo mawili: aache siku moja ya akiba katika ratiba yake, na akikuta chombo kimefurika asione haya kurudi nyumbani.

Mvua ni rahisi kueleza. Masika humwagika Machi hadi Mei, Aprili ikiwa mbaya zaidi, na Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Hoteli kadhaa za ufukweni hufunga milango miezi hiyo, barabara za udongo huteleza, na aliyekuja kuogelea ataishia kutazama dirisha. Vuli huja Oktoba hadi Desemba, kwa kawaida ni nyepesi, ingawa El Niño ya mwaka 1997 na ile ya 2023 zilionyesha kwamba nayo inaweza kugeuka gharika.

Karafuu ndiyo yenye soko lenyewe. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba, na msimu mkuu wa kuchuma huanza takriban Julai au Agosti na huweza kufika Januari. Kikonyo huchumwa kabla ua halijafunguka, karafuu hutenganishwa na makonyo, kisha huanikwa kwenye majamvi siku kadhaa za jua. Mvua ikizikuta hazijakauka, au zikiachwa zimerundikwa mbichi, huchacha na kuwa mpeta, na daraja lake hushuka pamoja na bei. Ndiyo maana mkulima wa Pemba huitazama vuli kwa jicho moja la shukrani na jingine la hofu.

Karafuu zikifikishwa katika vituo vya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lililoundwa mwaka 1968, fedha huingia vijijini. Hapo ndipo mabati, saruji, vitambaa, redio na magodoro hununuliwa, na harusi hupangwa. Lakini tahadhari: mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Baada ya mwaka wa neema huja mwaka mmoja au zaidi wa mavuno haba. Mfanyabiashara atakayejaza ghala kwa kukumbuka mauzo ya mwaka uliopita anaweza kukaa na mabati yake hadi yapate kutu. Apige simu kwanza, aulize mikarafuu imebebaje.

Kalenda ya nne ni ya mwezi. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka na haifungamani na msimu wowote. Mchana migahawa mingi hufungwa, na mgeni asile hadharani. Kwa muuza nguo na viatu, wiki mbili za mwisho za Ramadhani ni mavuno ya aina yake. Kwa msafiri, siku za kabla na baada ya Idi ni za kubanana bandarini. Spice Islander nayo ilizama siku kama kumi tu baada ya Idi.

Sasa ushauri wetu. Mwenye mzigo achague Oktoba hadi katikati ya Novemba: kusi imelegea, mauzo ya karafuu yamepamba moto, na vuli bado haijashika sana. Mgeni wa kupiga mbizi Misali aende kaskazi inapotulia, Januari na Februari, endapo anavumilia joto. Asiyependa joto aende Julai au Agosti, akijua kwamba Misali iko magharibi na kisiwa kikuu humkingia upepo, wakati pwani ya mashariki huchafuka. Naye atakayefika Desemba hadi Februari aulize habari za mchezo wa ng'ombe. Tarehe haibandikwi popote; huulizwa dukani au kwa dereva wa gari la abiria.