Fulu wa Ziwa: Si Kila Chenye Milia ni Kimoja

Mtu wa Pwani aendaye Kisumu kwa mara ya kwanza, akapita sokoni au kwenye ufuo wa Dunga, huwaona samaki watatu: mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, ngege, na omena, dagaa wa maji baridi. Hao ndio wenye soko. Lakini wazee wa Kijaluo watakutajia na wa nne, fulu, ambaye Mwanza huitwa furu. Ni kisamaki kisichozidi kiganja, chenye miba mgongoni, na zamani kilijaa ziwani hata hakikuhesabiwa kuwa ni kitu. Uchunguzi wa nyavu za kukokota uliofanywa kati ya 1969 na 1971 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzani wa samaki wakaao chini ziwani walikuwa fulu.

Ajabu ni kwamba kisamaki hiki kilichodharauliwa leo hufugwa Ulaya na Marekani, katika matangi ya kioo sebuleni, kama vile wengine wafugavyo kasuku. Wafugaji hao wamelichukua jina la Kijaluo lilivyo, wakalitia katika Kiingereza chao. Mmoja apendwaye sana humwita fulu wa Krismasi, kwa wekundu na ukijani wa dume lake. Asili yake ni Kanyaboli, ziwa dogo la Siaya.

Sasa, msomaji, hapo ndipo taabu huanzia. Fulu si aina moja. Ziwa Viktoria lilikuwa na aina zipatazo 500, na wataalamu wasema nyingi zilitokea katika muda wa miaka 15,000 hivi tu, tangu ziwa lilipokauka likajaa tena. Kwa hiyo wamefanana kama watoto wa tumbo moja. Mwingereza P. H. Greenwood, aliyefanya kazi Jinja miaka ya 1950, aliwatenga kwa kuwafumbua vinywa: mla konokono ana taya nene na meno butu, mkwangua mwani ana safu za vijino vidogo, na mla wenziwe ana taya ndefu.

Mfugaji hana haja ya kufumbua vinywa. Yeye hutazama rangi ya dume. Tuchukue wawili wa upande wa Mwanza, ambao majina yao ya kitaalamu yatamfurahisha kila asemaye Kiswahili. Wa kwanza ni Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu iliyoiva. Wa pili ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985; dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Wote wawili wana milia myeusi. Madume hayo hata mtoto mdogo atayatenga. Lakini majike! Yote ni ya kijivu-manjano yaliyofifia, na ukiyachanganya katika tangi moja huwezi tena kuyatenga kwa yakini. Kibaya zaidi, huzaana, na watoto wao huzaa pia. Kwa hiyo mfugaji mwangalifu hukaa na aina moja katika tangi moja, na huandika samaki wake alitoka sehemu gani ya ziwa.

Je, majike yenyewe humtambuaje mume? Kwa rangi hiyo hiyo. Ole Seehausen na wenzake walieleza mwaka 1997 kwamba maji yanapochafuka kwa tope na mwani, mwanga hupungua, wekundu na ubuluu havionekani sawasawa, na jike humkubali dume lisilo la aina yake. Aina mbili huyeyuka zikawa moja. Maabarani ilikuwa vivyo hivyo: chini ya taa ya rangi ya chungwa, majike hayakuchagua tena.

Watu wengi humlaumu mbuta peke yake. Ni kweli kwamba alitiwa ziwani tangu miaka ya 1950, na alipoongezeka ghafla katika miaka ya 1980 aina za fulu zipatazo 200 hazikuonekana tena. Lakini udongo uletwao na mto Nyando katika Ghuba ya Winam nao una lawama yake, na huo hauliwi wala hauuzwi.

Tangu miaka ya 1990 majumba kadhaa ya samaki ya Marekani yamekuwa yakizalisha baadhi ya fulu waliokuwa hatarini. Kanyaboli nako hakuna mbuta: mafunjo ya kinamasi cha Yala yamemzuia, na ngege wa asili, aliyekwisha adimika katika ziwa kubwa, bado yumo humo pamoja na huyo fulu wa Krismasi. Sehemu ya kinamasi hicho imekwisha kukaushwa ikawa mashamba.