Misiba ya wazee: Ipi ni ya kawaida na ipi imezidi?

Tangazo la msiba mjini Mtwara halina maneno mengi. Kipaza sauti cha msikiti kinataja jina la marehemu, mtaa aliokaa na saa ya mazishi. Aliyefariki alfajiri mara nyingi anasitiriwa mchana wa siku hiyohiyo. Pale Shangani turubai linafungwa, ndugu wa Msangamkuu wanavuka maji kuja kuzika, na mtu akiuliza bibi alikuwa anaumwa nini, jibu ni fupi: “Uzee tu. Umri ulikuwa umekwenda.”

Jibu hilo linafariji, na familia iliyofiwa haidaiwi maelezo na mtu. Lakini linapotolewa nyumba hadi nyumba, mwaka hadi mwaka, swali moja linabaki bila mwenyewe: wazee wetu wanafariki kwa kiwango kinachotarajiwa, au kuna kitu kinawaondoa kabla ya wakati?

Kabla ya wakati, kwa mtu wa miaka 74? Ndiyo. Hapa wengi tunajichanganya. Tunasikia kwamba wastani wa umri wa kuishi Tanzania uko katikati ya miaka ya 60, tunahesabu kwamba babu amepitiliza, na pengine tunapunguza hata haraka ya kumpeleka hospitali. Wastani huo unaanza kuhesabiwa siku mtoto anapozaliwa, hivyo unavutwa chini na vifo vya watoto wachanga na vijana. Mtu aliyekwishafika miaka 60 ameivuka mitego hiyo, na kwa kawaida anatarajiwa kuishi zaidi ya miaka 15 mingine. Bibi wa miaka 70 hajapitiliza chochote.

Kuhusu watoto, nchi inajua mengi. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 43 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2015-16 ulikuwa umekuta 67. Takwimu hizo zinapatikana kwa sababu watafiti hukaa na mama na kumuuliza kuhusu kila mtoto aliyemzaa, aliye hai na aliyefariki. Bibi hana mtu wa kuulizwa habari zake kwa namna hiyo. Sensa huuliza kuhusu vifo ndani ya kaya, lakini sensa ni ya kila miaka kumi.

Hesabu yenyewe

Wataalamu wa takwimu huita tofauti kati ya vifo vilivyotokea na vilivyotarajiwa “vifo vya ziada”. Mfano wa kubuni unaweza kusaidia. Tuseme kata moja ilikuwa na wazee 500 na kwa kawaida walifariki 20 kwa mwaka, yaani wanne katika kila 100. Miaka kumi baadaye kata hiyo ina wazee 700. Kwa kiwango kilekile, vifo vinavyotarajiwa sasa ni 28. Wakifariki 26, watu watalalamika kwamba misiba imezidi siku hizi, na kweli turubai zimeongezeka, lakini wazee wa kata hiyo wanaishi vizuri kidogo kuliko zamani. Wakifariki 40, hapo kuna jambo. Wakifariki 30, bado ni mapema kusema, kwa sababu namba ndogo hupanda na kushuka zenyewe.

Ndiyo maana kuhesabu misiba peke yake hakutoshi. Sensa ya 2012 ilikuta watu 1,270,854 mkoani Mtwara. Ya 2022 ikakuta 1,634,947. Watu wakiongezeka, na wazee wakiongezeka, misiba nayo huongezeka hata bila ugonjwa mpya.

Faida ya hesabu hii ni kwamba haihitaji kwanza kujua nini kimeua. Kimbunga Maria kilipopiga kisiwa cha Puerto Rico mwezi Septemba 2017, serikali ya huko ilitangaza vifo 64. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington walilinganisha vifo vyote vya miezi iliyofuata na vile ambavyo vingetarajiwa bila kimbunga. Walipata ziada ya watu 2,975, na serikali ikaibadilisha idadi yake rasmi. Wengi hawakuuawa na upepo wala maji. Umeme ulikatika kwa miezi, barabara zikafungwa, dawa zikakosekana, na wazee ndio walioumia zaidi. Mtwara, iliyofunga shule na ofisi Aprili 2019 ikisubiri Kimbunga Kenneth kilichoishia kupiga ng'ambo ya Ruvuma, ina sababu ya kulifikiria hilo.

Njia hiyohiyo ilitumika kwa UVIKO-19. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2022 kwamba katika miaka ya 2020 na 2021 dunia ilipoteza takribani watu milioni 14.9 zaidi ya waliotarajiwa, ilhali vifo vilivyokuwa vimeripotiwa vilikuwa kama milioni 5.4. Kwa nchi nyingi za Afrika, makadirio hayo yalitokana na kanuni za kihesabu, kwa kuwa daftari kamili la vifo halikuwepo. Tanzania ilisitisha kutoa takwimu mwaka 2020, ikiwa na wagonjwa 509 na vifo 21, na ikarejea kuzitoa mwaka 2021. Kwa familia iliyozika wazee wawili katika kipindi hicho, hakuna daftari la kufungua leo ili kuona kama mtaa mzima ulipatwa au ilikuwa nyumba moja.

Uzee si ugonjwa

Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ambao kwa wilaya hupatikana katika ofisi ya mkuu wa wilaya. Lakini mazishi ya pwani hayasubiri ofisi, na baada ya arobaini kila mtu amerudi kwenye shughuli zake. Cheti cha kifo hutafutwa pale panapokuwa na mirathi, pensheni au akaunti ya benki. Kwa hiyo anayeandikishwa zaidi ni mstaafu mwenye nyumba. Bibi aliyeacha kanga na mikorosho mitano nyuma ya nyumba haandikishwi, na mbele ya takwimu ni kama hakufa. Pengine ni kama hakuishi.

Kwamba nyuma ya “uzee tu” kuna majina ya magonjwa, Tanzania ilikwishaona. Kuanzia mwaka 1992 mradi wa kufuatilia maradhi na vifo vya watu wazima, ulioendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ulipeleka wahoji majumbani Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Waliuliza ndugu: alianza kuumwa lini, alipooza upande, alikohoa, alivimba miguu? Majibu yakasomwa na madaktari. Matokeo kuhusu kiharusi, yaliyochapishwa mwaka 2000 katika jarida la Lancet, yalionyesha kuwa vifo vyake katika maeneo hayo vilikuwa juu kuliko Uingereza na Wales kwa watu wa umri uleule. Watafiti walinyooshea kidole shinikizo la damu lisilotibiwa. Huko mitaani ugonjwa huo bado huitwa kupigwa na upepo, na dawa za presha huachwa siku mgonjwa anapojisikia nafuu.

Kuna kikwazo kingine, nacho kinaweza kuondolewa nyumbani: umri wenyewe. Wazee wengi wa pwani ya kusini hawana cheti cha kuzaliwa, na wakiulizwa hutaja miaka inayoishia na sifuri. Umri ukikosewa kwa miaka kumi, hesabu ya vifo vinavyotarajiwa nayo inakosea. Waandikishaji wa sensa hutumia matukio, na mjukuu mwenye daftari la shule anaweza kufanya vivyo hivyo. Bibi alikuwa amezaliwa kimbunga kilipoipiga Lindi, mwaka 1952? Alikuwa anatambaa au anachota maji bandari ya Mtwara ilipofunguliwa, 1954? Alikuwa ameolewa siku ya Uhuru, 1961? Majibu mawili au matatu ya namna hiyo huukaribia mwaka wa kweli. Uandikwe kwenye karatasi moja na jina lake kamili, kipimo cha mwisho cha presha na dawa anazotumia, ikae pamoja na kadi yake ya matibabu.

Siku ikifika, karatasi hiyo ndiyo ataulizwa atakayekwenda kwa mtendaji wa kata.